Mama Samaki na tangi lililovuja mzee akiwa hayupo

Sebule imegeuzwa juu chini. Makochi yamesukumwa hadi ukutani, zulia limetolewa nje kuanikwa, na katikati ya sakafu tupu mwanamke amepiga magoti mbele ya meza fupi ya chuma yenye rangi mpya. Ameweka pimamaji juu ya meza. Anainamisha kichwa kuangalia kipovu cha ndani, anachomeka kipande cha plastiki chini ya mguu mmoja, anaangalia tena.

Hajaridhika. Anakichomoa, anakata kingine chembamba zaidi kwa mkasi, anaanza upya.

Nyuma yake zimepangwa ndoo mbili zenye samaki, na pampu ndogo inapuliza mapovu kwa sauti ya kukoroma. Kila mara anageuka kuzitazama, kama mzazi aliyemlaza mtoto mwenye homa chumba cha pili.

“Meza ikiinama hata kidogo, maji yanaegemea upande mmoja na kioo kinaelemewa,” anasema bila kuinua uso. “Leo tangi halitavuja. Litavuja siku nimeshasahau.”

Mtaani wanamwita Mama Samaki. Jina hilo limemletea kazi, na limemletea usumbufu vilevile. Watu humpigia simu wakitaka awatengee samaki wawili wanene wa kukaanga, na wapo wanaokasirika akiwaambia kwamba wa kwake hawaliwi. Yeye ni fundi wa matangi ya samaki wa mapambo majumbani. Huunganisha vioo kwa gundi, hupanga kokoto, mawe na mimea, hutia maji, hukabidhi. Kisha huanza kukosa usingizi.

Hilo la mwisho si utani. Mumewe, mchomeleaji wa vyuma ambaye ndiye humtengenezea meza, anasema siku mkewe akikabidhi tangi jipya, chakula hupoa mbele yake na kila mlio wa simu humshtua. Mteja akipiga, hata kama ni kushukuru tu, Mama Samaki huuliza kwanza kama sakafu ni kavu.

Zamani alikuwa mfanya usafi katika jengo la ofisi. Mapokezi palikuwa na tangi, na fundi wake, mzee mmoja mkimya, alikuja kulihudumia akiwa amebeba ndoo zake mwenyewe. Mama Samaki alianza kwa kumshikia mpira wa maji. Baadaye akawa anaosha sponji za kichujio, na mwishowe mzee akamwachia kupanga mawe huku yeye amekaa kwenye kiti akielekeza kwa kidole. Magoti yalipomshinda kabisa, alimkabidhi wateja wake wote, wachache waliokuwapo.

Anasema kazi hii haina msimu. Kuna mwezi anafunga matangi mapya mfululizo, na kuna mwezi anaosha vichujio tu na kujibu simu za wanaotafuta kitoweo.

Kazi ya leo ni ya namna nyingine. Mwenye tangi hajui kwamba linafanyiwa kazi.

Ni mzee mwingine, fundi cherehani mstaafu aliyefiwa na mke, anayeishi na mwanawe na mkwewe. Kwa siku kadhaa amekuwa kwa binti yake, karibu na hospitali, alikofanyiwa upasuaji wa macho. Jana jioni mkwewe alikanyaga zulia la sebuleni akahisi unyevu. Alidhani ni mtoto wake mdogo amemwaga maji. Alipoinama kufuta, aliona mchirizi mwembamba ukitoka kwenye kona ya chini ya tangi, pale vioo viwili vinapokutana.

Alimpigia Mama Samaki akiwa tayari analia.

“Nilimwambia, dada, chukua ndoo safi isiyowahi kutiwa sabuni, chota maji ya humohumo tangini, hamisha samaki, mengine niachie mimi,” anasimulia fundi huyo. “Nilikuwa namtuliza yeye, na mimi mwenyewe nahitaji wa kunituliza.”

Gundi ilikuwa imechoka kwa umri. Hakuna aliyekosea. Lakini hilo halikuituliza nyumba, kwa sababu tangi lile lilipangwa na marehemu mke wa mzee. Yeye ndiye aliyeweka jiwe jeusi upande wa kushoto, mimea mirefu nyuma, na chungu kidogo cha udongo kilichovunjika mdomo mbele kabisa, samaki wapate mahali pa kujificha. Tangu alipofariki, mzee hakuruhusu mtu asogeze kitu. Kila asubuhi, kabla ya chai, husogeza kiti karibu, huwalisha samaki na kuwaeleza habari za nyumbani.

Mwanawe, dereva wa lori mwenye mwili mkubwa na sauti ya chini, ana hofu na moyo wa baba yake. Daktari ameshaonya kuhusu presha. Ndiyo maana alimwomba Mama Samaki afunge tangi lingine la ukubwa uleule, apange kila kitu kama kilivyokuwa, na mzee akiuliza aambiwe kwamba limesafishwa tu.

“Zamani ningesema hataona,” anasema dereva huyo, akijaribu kucheka. “Sasa ndiyo wametoka kumsafisha macho.”

Kulikuwa na tatizo la pili. Umeme ulikatika usiku, pampu ikazima, na kulipopambazuka samaki mmoja, mwenye mapezi marefu meupe, alikuwa amekufa, amelala ubavu kitakoni mwa ndoo. Waliobaki walikuwa wanapanda juu kuvuta hewa. Kijana huyo wa mzee alitaka kukimbilia dukani kutafuta wa kufanana naye. Mama Samaki alimkatalia. Kuingiza samaki mgeni, ambaye hujui ametoka na ugonjwa gani, kati ya samaki waliochoka, ni kuhatarisha wote.

Pimamaji sasa limemridhisha. Anatandika kipande cha sponji juu ya meza, na kijana anamsaidia kuweka tangi tupu ambalo fundi alikuwa ameliunganisha wiki kadhaa nyuma. Anabandika karatasi nyeusi nyuma ya kioo ili rangi za samaki zionekane. Kisha anamimina kokoto za zamani, zilezile, bila kuzisuuza kwa maji ya bomba.

Mkwe anashangaa, maana kokoto zimejaa uchafu. Mama Samaki anamweleza kwamba humo, na ndani ya sponji ya kichujio, wamo wadudu wadogo wasioonekana wanaokula taka za samaki. Tangi jipya huchukua wiki nyingi kuwapata. Wakifa hawa, maji yatabaki maangavu machoni huku yakiwa sumu.

“Sina wiki nyingi,” anasema. “Nina leo tu.”

Hata leo yenyewe inapungua. Simu ya kijana inalia. Ni dada yake. Mzee amechoka kukaa kwa watu, amevaa viatu, hataki kusikia habari ya kesho. Wako njiani.

Mkwe anafungua picha kwenye simu yake, picha ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, ambayo kwa nyuma tangi linaonekana kwa ukungu. Wanawake wawili wanaikuza hadi inapasuka vipande vipande vya rangi. Jiwe linaonekana. Mimea inaonekana. Chungu kimezibwa nusu na bega la mtoto.

Mama Samaki anainua kokoto upande wa nyuma zaidi ya mbele, tangi lipate kina. Analaza jiwe, analigeuza, analilaza tena. Anachomeka mimea mmoja mmoja, akibana mizizi kwa vidole. Chungu anakiweka mara tatu, na kila mara anarudi nyuma kukilinganisha na picha. Jasho linamtiririka hadi kidevuni, naye analifuta kwa bega ili lisidondokee majini.

Maji anayamimina juu ya sahani iliyolazwa kwenye kokoto, yasichimbe shimo. Ya zamani kwanza, kisha mapya yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Samaki wanaingia mwisho, ndani ya mfuko unaoelea kwanza ili wazoee joto. Wanapoachiliwa wanazama chini na kutulia pale, mashavu yakipanda na kushuka haraka mno.

“Wameshtuka,” anasema. Anapiga magoti, pua karibu iguse kioo. “Naomba iwe mshtuko tu.”

Mlango unafunguliwa zulia likiwa bado nje.

Mzee anaingia akimshika binti yake mkono, miwani myeusi usoni. Anawasalimia wote, akiwemo mgeni, anauliza kwa nini nyumba inanukia kama duka la rangi, kisha anavua miwani na kwenda moja kwa moja kwenye tangi. Mwanawe anaanza kueleza jinsi lilivyosafishwa. Mzee anamwinulia kiganja, anyamaze.

Anatazama muda mrefu. Midomo inacheza. Anahesabu.

“Yule mweupe yuko wapi?” anauliza. Haulizi mwanawe. Anamtazama mwanamke mwenye mikono iliyolowa hadi kwenye viwiko.

Mama Samaki anasema baadaye kwamba aliombwa aseme jambo moja, na jambo hilo lilikataa kutoka.

“Amefariki, mzee,” anasema. “Tangi lenu lilifumuka kwenye kona. Hili ni jipya. Kokoto ni zilezile, na hawa wengine bado nawaangalia.”

Mwanawe anashika kichwa. Binti anamsogezea baba yake kiti, naye anakaa taratibu. Hapandishi sauti. Anauliza kama mweupe alitaabika, na anaelezwa ukweli, kwamba hakuna aliyemwona akienda. Anaitikia kwa kichwa. Anamwambia mwanawe kwamba amezika mke, hawezi kuuawa na habari za samaki, na kwamba wasimfiche tena mambo kama mtoto.

Kisha anasogea karibu na kioo, macho yake mapya yakiwa bado mekundu pembeni.

“Hicho chungu,” anasema, “kimenizibia samaki miaka yote. Marehemu hakutaka kisogezwe. Hebu kisukume nyuma kidogo, mwanangu.”

Mama Samaki anaingiza mkono, anakisukuma hadi kando ya jiwe. Mbele panabaki peupe, na samaki wote wanaonekana. Mzee anaegemea kiti. Anatazama upande wa kushoto, wa kulia, tena wa kushoto. Mkwe anamsogezea chai ambayo haigusi.

“Kirudishe,” anasema.

Anakirudisha. Samaki mmoja wa rangi ya chungwa anakisogelea, anazunguka mdomo uliovunjika, anaingia.

Mama Samaki hakwenda nyumbani mapema siku hiyo. Alibaki hadi alipoona wote wanakula, na kesho yake alirudi kupima maji. Wiki iliyofuata, alipozungumza na mwandishi wa makala haya kwenye karakana ya mumewe, samaki wote walikuwa hai, ingawa yeye bado alikataa kusema wamepona.

Sasa ana mpango. Anataka chumba cha nyuma cha karakana kiwe na matangi ya akiba yanayofanya kazi muda wote, yenye maji yaliyokomaa kwa wale wadudu wadogo na samaki wachache wa kuyaweka hai, ili nyumba yoyote tangi likivuja, samaki wapate pa kulala siku hiyohiyo badala ya kwenye ndoo. Hajui kama wateja watalipia huduma ya aina hiyo. Vioo viwili vya kwanza ameshavikata.

Mumewe amechomelea fremu ya rafu na kuipanda mwenyewe, akarukaruka juu yake kumthibitishia kwamba ni imara.

“Rafu naiamini,” anasema Mama Samaki, huku akigonga sakafu ya chumba kile kwa kisigino, hatua kwa hatua, akisikiliza kama kuna mahali panapolia tupu. “Nataka kujua tu chini yake kuna nini.”