Pikapu Mbili na Kifundo Kimoja

Siku ya kupimana kwa zile pikapu mbili, Moshi aliamka na hasira, akaoga nayo, akanywa nayo chai. Moshi si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na madereva wenzake kwenye maegesho ya pikapu za kukodi, na walipompa hawakuwa wakifikiria bomba la gari lake peke yake. Alikuwa mwanamke wa kuwaka upesi, na akishawaka, wote pale waliijua kazi ya kumzima.

Safari hii alikuwa na haki ya kuwaka. Kaka yake, mwenye duka la saruji na mabati, alikuwa amenunua pikapu mpya ya dizeli, nyeupe, viti bado vimevikwa nailoni. Kununua si kosa. Kosa ni kwamba alikwenda kwa mama yao, ambaye ndiye mwenye kadi ya pikapu ya zamani, wakakaa wawili wakakubaliana kwamba ile ya zamani iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pikapu ya marehemu baba. Pikapu ambayo Moshi alikuwa akiiendesha tangu mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, iliyomlisha na kumvisha, ambayo mlango wake wa kushoto haufungiki mpaka uuinue kwanza na kioo hakipandi mpaka ukisaidie kwa kiganja. Wakakubaliana, halafu wakamtumia ujumbe wa simu.

Aliufuata ujumbe ule mpaka dukani, akasimama mbele ya wateja.

"Chuma kile kimezeeka, mdogo wangu," kaka yake alisema kwa sauti ya chini.

"Hata wewe umezeeka. Mbona hatujakuuza?"

Wateja wakacheka. Kaka mtu hakupenda kuchekwa dukani kwake. "Haya," alisema, "tuzipime. Mzigo sawa, mlima mmoja. Yako ikiishinda yangu, nakwenda mwenyewe kumwambia mama tuiache. Isipoishinda, jioni inaondoka."

Habari ilifika kwenye maegesho kabla ya Moshi mwenyewe. Madereva waliacha kulala ndani ya magari yao, wakaanza kubishana kama wanaolipwa kwa hilo. Mmoja alisema mpya ina turbo ya kuisukumia injini hewa, na turbo haina mjadala. Mwingine akasema turbo ni kama mgeni aliyetoka mbali: ukimpa mafuta machafu anaugua, ukimzima ghafla anaugua, na siku akiugua nyumba nzima hamlali. Wa tatu akasema injini ya zamani unaifungua kwa spana na bisibisi kando ya barabara, hii mpya mpaka uitafutie mtu mwenye kompyuta. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa dereva mmoja mwembamba waliyemwita Gumzo, ambaye alibadilisha upande kila alipoona upande wake unaelekea kushinda. Ndiyo sababu walimchagua kuwa shahidi.

Walipakia mifuko ya saruji sawasawa, magari yote mawili yakainama matako. Barabara ilikuwa ile ya kupanda kwenye tangi la maji, yenye kona kali na changarawe zinazoteleza. Kaka aliendesha mpya. Moshi alipanda ya zamani, Gumzo akakaa kando yake akiwa ameshika mlango, maana aliujua mlango ule.

Kusema haki ni lazima, hata kama inauma. Pikapu mpya ilipanda mlima ule kana kwamba imebeba pamba. Mpaka kona ya kwanza walikuwa wakifuatana, lakini kwenye kona ya pili Moshi alirudisha gia, na kwenye mwinuko uliofuata akarudisha tena, injini ikaunguruma na moshi ukatanda nyuma yao, huku ile nyeupe ikizidi kuwa ndogo mpaka ikapotea. Moshi alikaza usukani. Alikuwa dereva wa miaka mingi, na akishindwa alijua.

"Lakini haichemki," Gumzo alisema kwa kumfariji. "Angalia mshale wa joto, umekaa palepale."

"Nyamaza, Gumzo."

Walipofika juu, kaka yake alikuwa ameegemea pikapu yake, mikono mifukoni. Ila kwenye dashibodi ya ile mpya palikuwa na taa ya rangi ya chungwa ambayo asubuhi haikuwepo. Alikuwa amejaza dizeli ya pipa la dukani, ile yenye takataka chini, ambayo pikapu ya zamani huinywa bila kulalamika. Alizima, akawasha, taa ikabaki. Alipojaribu kuligeuza gari, injini ilikuwa imepoteza nguvu, inakoroma tu na kujivuta. Gumzo alizunguka magari yote mawili, akapiga tairi teke kidogo, akatoa hukumu.

"Kwa nguvu, mpya imeshinda, tena vibaya. Kwa kuvumilia, ya zamani. Ukitaka kuwahi, chukua ile. Ukitaka uhakika wa kurudi nyumbani, chukua hii. Mimi nasema sare."

"Hakuna sare," alisema kaka. "Unasema uhakika? Hili gari lina uhakika gani? Siku baba alipolihitaji, liliwaka?"

Gumzo alikuwa mwenye maneno mengi lakini hakuwa mjinga. Alisema anakwenda kuangalia mandhari, akasogea mbali mpaka nyuma ya tangi.

Hapa inabidi lielezwe jambo ambalo Moshi alikuwa amelikalia miaka yote hiyo. Pikapu ile ya zamani haizimwi kwa funguo. Funguo zinawasha tu. Kuzima kuna kifundo cheusi chini ya usukani, na ukikivuta, waya wake unaikatia injini dizeli, nayo inakufa. Kisha ni lazima ukirudishe ndani. Ukikiacha nje, kesho yake utapiga starta mpaka betri iishe, injini itazunguka bila kupata hata tone, nawe utaapa kwa kila kitu kwamba gari ni bovu. Moshi alikuwa akikirudisha kwa kidole gumba bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango wa choo akitoka. Aliyezoea gari la kuzimwa kwa funguo husahau.

Jioni moja kaka yake aliiazima kubeba mabati, akairudisha na kuiegesha nyumbani kwa wazazi, akalala hukohuko. Alfajiri yake baba alibanwa na kifua. Kaka alipiga starta, akapiga, akapiga, kisha akakimbilia barabara kuu kutafuta teksi. Moshi, aliyekuwa amepanga chumba mtaa wa pili, alipigiwa simu, akafika mbio bila viatu, akamkuta baba ndani ya gari ameegemea bega la mama, taa za dashibodi zimefifia, na kifundo kiko nje. Alikisukuma ndani. Majirani wakalisukuma gari, likawaka kabla ya kufika kona. Hospitali waliambiwa kwamba wangemuwahisha kidogo tu, angepona.

Mama alihitaji mtu wa kumlaumu, na dereva alikuwa karibu. "Ungekuwa unalitunza hilo gari, baba yako angekuwepo." Alimwambia hivyo msibani, mbele ya shangazi na wajomba, na hakuacha kumwambia. Kila sherehe, kila ugonjwa, kila mvua iliyovuja darini, maneno yalizunguka yakarudi palepale. Moshi alimeza. Aliamini kaka yake hajui alichokifanya, na kwamba siku akijua hatasimama tena, kwa jinsi alivyompenda baba. Alimhurumia. Naam, huyu mwenye hasira za karibu alimhurumia mtu kwa miaka, na kwa hilo hakuna aliyempa jina la utani.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa amesimama mbele yake, akilisingizia gari.

"Unajua kwa nini halikuwaka?" Moshi aliuliza.

"Achana na hayo."

"Kifundo kilikuwa nje, kaka. Aliyelizima jana yake ni wewe. Nilikikuta nje, nikakirudisha, nikafunga mdomo wangu."

Alipoyasema tu alijuta, akasubiri kumwona kaka yake akianguka. Hakuanguka. Aliinamisha macho, akaangalia viatu vyake vyenye vumbi la saruji.

"Najua," alisema.

Moshi alidhani hakusikia vizuri. "Unajua nini?"

"Nilikumbuka nikiwa barabarani, natafuta teksi. Nikarudi mbio. Nikakuta mmeshaondoka."

"Na mama aliponisimamisha msibani?"

"Nilitaka kusema."

"Mbona hukusema?"

"Alishaanza na wewe." Kaka alipangusa uso kwa mkono. "Na wewe ni mgumu, mdogo wangu. Nikaona utabeba. Kila mwaka nikasema nitasema, na kila mwaka likawa zito zaidi. Hii mpya nimeinunua iwe yako. Kadi nitaiandikisha kwa jina lako. Ila ile iondoke. Nikikiona kile kifundo silali."

Moshi alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika maishani, na ajabu ni kwamba sauti yake haikupanda. Alimkasirikia kwa kila neno la mama alilolimeza, na kwa kila mara kaka huyu alipokuwa amekaa palepale sebuleni, akila, akisikia, akiomba aongezewe mchuzi. Alijikasirikia mwenyewe kwa huruma aliyomwagia mtu ambaye hakuihitaji. Ungemwona ungedhani ametulia.

"Kwa hiyo hatukuja kupima pikapu," alisema. "Umekuja kuuza kifundo."

Moshi alichomoa funguo za gari lake, akaziweka kiganjani mwa kaka yake, akamfunga vidole.

"Panda. Unaliendesha wewe mpaka kwa mama."

"Tushushe mzigo kwanza."

"Panda."

Gumzo aliachiwa ile nyeupe na taa yake, aishushe polepole. Pikapu ya zamani iliwaka kwa starta moja. Kaka alikosea gia mara kadhaa, gari likaruka kama mbuzi, na Moshi hakumsaidia hata kwa neno. Njia nzima alikuwa akiangalia nje ya kioo chake kisichopanda, vumbi likimpiga usoni.

Mama yao alikuwa uani, akianua nguo. Alipomwona mwanawe wa kiume kwenye usukani ule alisimama na shuka mkononi.

"Mbona unaendesha hilo? Si linauzwa leo?"

Kaka alikivuta kifundo, injini ikafa. Kisha akakirudisha ndani kwa kidole gumba.

"Leo umekumbuka," Moshi alisema.

Kaka akashuka. Akamwambia mama yao yote, amesimama, bila kujipamba: kwamba gari halikuwa bovu, betri haikuwa mbovu, dada yake hakuwa mzembe, ni yeye, na alilijua siku ileile. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alilikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Alipofungua mdomo, hakumgeukia mwanawe wa kiume.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu asubuhi ile, mama."

"Nimekutukana miaka yote hii."

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

"Ukaniacha." Mama alimnyooshea kidole mwanawe wa kiume. "Huyu kanificha kosa lake, nitajua la kumfanya. Lakini wewe umekaa kimya ukaniacha nimtese mwanangu mwenyewe, nikidhani namfundisha. Mimi nimekuwa mama gani? Nani kati yenu alikaa akaliwaza hilo?"

Moshi alikuwa amejihesabia kila alichobeba, na hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa pia akimbebesha mtu.

Mama alilitupa shuka kwenye beseni. Akaenda mpaka kwenye pikapu, upande wa kushoto, akauinua mlango kidogo kabla ya kuuvuta, maana hakuwa amesahau, akapanda. Alikaa mahali alipokaa siku ile akiwa amemshikilia mumewe. Mkono wake ulipapasa kiti kilichochanika, ukatulia.

"Hakuna anayeuza gari langu," alisema. "Nataka kwenda makaburini. Dereva wangu yuko wapi?"

Kaka alimpa Moshi funguo, kisha akasogea kwenye mlango, akitaka kubanana nao.

"Wewe nyuma," mama alimwambia.

Kaka akapanda nyuma, juu ya mifuko ya saruji, na shati lake la dukani. Moshi alikaa kwenye usukani, na hasira yake bado ilikuwa yote mahali pake. Alikigusa kifundo kwa kidole gumba kuhakikisha, akawasha, na mama yake akamshika goti, akauacha mkono wake hapo mpaka walipofika.