Anapika Ili Chungu Kirudi Kuwa Cheusi

Asubuhi, kabla geti halijafunguliwa kwa wageni, moshi unatoka kwenye matundu ya ukutani ya kupenyezea bunduki. Unatoka taratibu, kama mtu anayeamka bila haraka, unapanda ukuta mnene wa mawe na kupotelea angani.

Ndani, katika chumba kilichokuwa ghala la risasi, mwanamke amechutama mbele ya mafiga, anachochea kuni. Juu ya moto kuna chungu cha maharage.

"Adui kapika nini leo?" mlinzi anatania kutoka mlangoni.

"Adui kapika maharage, kama jana. Lete bakuli, bunduki iache huko huko."

Wenzake wanamwita Mama Waya. Ni mfagizi wa boma hili la zamani la jeshi, ambalo sasa ni makumbusho ya utamaduni wa watu wa mkoa. Walipolala askari pametandikwa mikeka. Zilipotundikwa bunduki kuna vinu, ngoma na vibuyu. Akifagia peke yake, anasema, husikia nyayo zikimpita.

"Si za kutisha. Ni kama watu wenye njaa wanaotafuta jiko liko wapi."

Jina lake lilitokana na chungu hicho. Kililetwa na bibi mmoja, urithi wa mama yake, cheusi tititi kwa masizi ya miaka. Mhifadhi wa makumbusho alikiweka mezani, akaenda safari ya kikazi. Mama Waya alipokiona, aliona aibu kwa niaba ya jumba zima.

"Nimelelewa hivyo," anasema. "Mama alikuwa akituambia, mgeni haangalii uso wako, anaangalia kitako cha sufuria yako."

Akachukua waya wa kusugulia, mchanga na majivu, akasugua mpaka jua likageuka. Chungu kikawa chekundu kama kilichotoka tanuruni jana. Akakirudisha mezani huku akiimba.

Mhifadhi aliporudi na kukiona, alikaa sakafuni.

"Hakunigombeza. Alishika kichwa tu, akasema, 'Mama, yale masizi ndiyo tuliyopewa.' Heri angenipigia kelele."

Kufukuzwa kulikuwa karibu, na mshahara wa mfagizi, ambao huisha mwezi ukiwa bado mchanga, ndio unaolipa kodi ya chumba chake na kununua unga. Lakini kilichomnyima usingizi ni yule bibi. Alipokikabidhi chungu alisema atakuja kukiona siku chumba hiki cha maonyesho ya jikoni kitakapofunguliwa, na asipokikuta kilivyo, ataondoka nacho.

Ndipo Mama Waya akaomba jambo ambalo mhifadhi alilicheka kwanza, kisha akaacha kucheka: aruhusiwe kupikia chungu hicho.

"Masizi hayauzwi dukani," alimwambia. "Yanapikwa."

Amepika tangu mvua za kwanza. Weusi umerudi kitakoni, ukapanda mbavuni, ila mdomoni bado ni hudhurungi. Moshi umemwingia kwenye kilemba, na mpaka kwenye ndoto. Huota mwanamke asiyemjua, amechutama ng'ambo ya mafiga, anapuliza moto pamoja naye.

Leo ndiyo siku ya ufunguzi. Chungu kimeshushwa, kimepoa. Bibi anaingia akishikwa mkono na mjukuu wake. Mhifadhi anakohoa, anatafuta pa kuanzia. Mama Waya anamtangulia.

"Shikamoo, bibi. Chungu chako nilikisugua mimi. Masizi ya mama yako niliyatoa. Haya ni yangu."

"Marahaba," anajibu bibi.

Anaomba kijiko, anaonja maharage. Anapapasa kitako, mbavu, halafu anaingiza kidole chini ya mdomo wa chungu, kwenye mkunjo. Kidole kinatoka cheusi.

"Hapa mama yupo."

"Hata hapo nilisugua, bibi."

"Ulisugua, hukumaliza. Nyie watoto wa siku hizi hata kusugua hamjui!"

Watu wanacheka. Bibi naye anacheka, machozi yakimtoka.

"Ningekikuta kimekaa tu, safi, ningekibeba. Lakini kinanuka jikoni. Basi kibaki. Msiache kukipikia. Na wewe, mwanangu, chumvi uongeze."

Mhifadhi amekubali mafiga yasiondolewe. Mama Waya sasa ana mpango wa kuwaalika wanawake wa mitaa ya jirani waje kupika ghalani humo, kila mmoja na chungu cha kwao, ili wageni waione jioni ya nyumbani na waisikie harufu yake.

Kwake ameshaanza. Ameacha kusugua kitako cha sufuria, na binti yake analalamika kwamba majirani wanawacheka.

"Namwambia, vumilia mama. Leo ni uchafu. Kuna siku utaileta sufuria hiyo hapa makumbusho, na ole wake mfagizi atakayeigusa."