Kichwa Kilichokubali Kila Kitu

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi seremala. Masikio yake yaliondoka na msumeno wa umeme, kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, hadi siku dada alipomwita kwamba chakula kimeiva, naye akaendelea kupiga randa tukadhani amenuna. Kusoma anasoma, kusema anasema, tena kwa sauti ya mtu anayeshindana na mashine. Ukimtazama usoni ukasema taratibu, anakusoma midomo. Ukigeuka, umempoteza. Hapo huitikia kwa kichwa tu, kwa adabu, maana amechoka kuwaambia watu "rudia".

Jirani mwenye ghala akamfungulia kesi, akidai nusu ya karakana imeingia katika kiwanja chake. Nusu yenyewe ndiyo yenye mashine. Akiipoteza, shemeji hana kazi, na jiko la dada yangu halina moto.

Mimi na dada tukaenda mahakamani mapema kuomba asaidiwe siku ya kesi. Karani, mama mmoja mpole, akauliza ana tatizo gani. Dada akasema hasikii. Karani akasema basi hilo wanalijua, akaandika, akatuaga. Tukarudi nyumbani tumefurahi. Kumbe furaha ya bure.

Siku ilipofika, dada akaambiwa asubiri nje kwa sababu yeye ni shahidi. Hilo sikulielewa: mdomo ambao shemeji anausoma vizuri kuliko yote ndio uliofungiwa mlango. Nikaingia naye mimi. Mara akasimama mbele yetu mwanamume nadhifu, akaanza kuchezesha vidole hewani. Shemeji akanitazama. Nikamtazama. Mimi nilidhani ni namna ya kiapo. Baadaye ndipo nikang'amua kuwa ni mkalimani wa lugha ya alama, na shemeji yangu hajapata kujifunza hata alama moja. Nani angemfundisha, mbao?

Hakimu alikuwa mbali, ameinamia karatasi zake. Wakili wa jirani alitupa kisogo. Shemeji alikwishaambiwa asiseme mpaka aulizwe, na sasa hakujua kama ameulizwa. Mikono ikapanda, ikashuka. Akaitikia kwa kichwa. Ikazunguka tena, akaitikia tena. Mkalimani mwenyewe alikuwa na mashaka usoni, lakini kichwa kimekwisha kubali. Nikamsikia wakili akisema mdaiwa amekiri mpaka uko pale anaposema mteja wake. Nikasimama. Askari akaniambia nikae. Nikakaa, nikasimama tena.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba aulizwe kama amekufa."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akamwelekeza mkalimani aulize. Vidole vikacheza. Shemeji, akiona wote wanamngoja, akaitikia kwa heshima zote.

Niliona aibu kumfanyia hivyo mbele za watu, na hata leo sijui kama nilimwokoa au nilimdhalilisha. Hakimu akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, askari akampelekea: UNAHITAJI NINI?

Shemeji akasoma. "Naomba kiti cha mbele," akasema, na karani akashtuka, maana walikuwa wamemfanya bubu. "Anayesema anitazame. Wakisema wawili kwa pamoja, sijui nifuate mdomo upi. Na neno gumu niandikiwe. Ni hayo tu."

Hakimu akaagiza majibu yote ya kichwa yafutwe. Kiti kikasogezwa. Wakili, amekereka waziwazi, ikabidi ageuke na kurudia swali lake huku akimtazama usoni: je, anakubali kwamba mashine zake zimesimama katika kiwanja cha jirani?

Shemeji akamsoma mdomo hadi mwisho. Kisha akajibu kwa sauti yake ya karakana, na dada yangu, aliyekaa nje muda wote asijue kinachoendelea, akalisikia neno lenyewe kupitia mlango uliofungwa.

"Hapana."