Pumzi Nne za Kumvusha Shangazi

Shangazi Koku alivunjika nyonga kisiwani Bumbire, na tabibu wa zahanati akaonya kwamba mfupa usitikiswe tena. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani Nshambya, mjini Bukoba: kumleta hospitali Muleba bila kumtikisa, kwa kupita ziwani.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Bukoba na koti la mvua, ndizi za kuchoma, na simu niliyoiwekea programu ya kupima myumbo wa chombo. Nilisoma hesabu chuo kikuu, zamani. Nilidhani bado zinanikumbuka.

Saa nne, ufukweni Muleba, nahodha Projestus alitazama mistari ikipanda na kushuka kwenye simu yangu, akauliza kama inajua kuogelea. Njia nzima aliniita Nshomile, jina tunalopewa Wahaya tunaojivunia shule.

Bumbire, mchana. Mawe huzuia boti kufika ufukweni, kwa hiyo shangazi aliletwa kwa mtumbwi, amefungwa juu ya ubao kwa kanga mbili. Upepo ulikuwa umeamka. Mtumbwi ukipanda, boti inashuka. Ubao ukivushwa wakati mbaya, ungegongwa na ukingo wa boti, na nyonga ile isingepona.

Niliikodolea macho simu. Mstari ukalala.

"Sasa," nikasema.

Wanaume wanne mtumbwini wakainua ubao, na papo hapo boti ikanyanyuka. Projestus akawazuia kwa mkono. Shangazi aliguna kwa maumivu, kisha akauliza, "Nani huyo aliyesema sasa?"

"Ni mimi, shangazi."

"Nyamaza, waitu," akasema, akinibembeleza kwa Kihaya.

Projestus hakunikaripia. Alinionyesha kwa kidevu mtumbwi mwingine uliotia nanga mbele yetu, kule upepo unakotoka. Simu yangu, alieleza, inasimulia myumbo uliokwisha. Mtumbwi ule hupokea kila wimbi kabla yetu. Ukitulia, baada ya pumzi nne utulivu unatufikia. Zaidi ya hapo hajui, na hajakutana na anayejua.

Mawimbi matatu makubwa yakapita. Mtumbwi ule ukatulia. "Moja," akasema, na sote tukapumua naye. Kwenye ya nne, ubao ulivuka kama sinia la chai mbele ya wageni.

Jioni, Muleba, shangazi alipokelewa hospitalini. Alimshukuru Projestus kwa Kihaya kirefu. Mimi alinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

Kesho yake, Nshambya, mke wangu aliuliza nilisaidia nini huko. Nilifikiri, nikamjibu kwa haki: mara ya pili nilinyamaza.