Kheiria na Mwalimu Niliyemzulia

Nikisema nilimdhulumu Kheiria, nisadikini, ingawa watu wa Matrah, hapa Omani, wamezowea kuligawa kila neno langu kwa saba kabla ya kulimeza.

Kheiria alikuwa mjane, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Alikuja kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi. Kule akifundisha piano. Huku akishona kofia kama sisi sote, na piano kaichora kwa mkaa juu ya ubao wa kukatia mandazi. Kila alasiri huvipitisha vidole pale, kimya.

"Mbona huanzii kwenye meno meupe ya piano, na ndiyo mengi?" nikamuuliza.

"Vidole virefu vinakaa vizuri juu ya meusi, shoga. Gumba na cha mwisho hubaki chini. Hivyo mkono unalala wenyewe. Ndivyo alivyofundisha Shopan, yule Mzungu mtunzi wa piano." Akanambia huyo Shopan hakutaka vidole vilazimishwe kuwa sawa, kila kimoja kina sauti yake, mkono wa kushoto ushike mwendo, wa kulia uachiwe uimbe. "Kila nikianza," akasema, "kama ananishika kifundo cha mkono, ananambia: legeza."

Mwaka wa sitini na saba, Mahfoudh, muuza vitambaa, akamwagizia binti yake piano kutoka Bombay. Wapagazi wanane waliibeba; miye husema ishirini na punda. Kheiria akapeleka salamu kwamba yuko tayari kufundisha. Miaka mitatu hakugusa piano ya kweli. Siku ile alikata kucha mara mbili.

Lakini kwetu mwanamke haaminiwi binti wa watu mpaka jirani aulizwe, kama anavyoulizwa mchumba. Bakhita, mke wa Mahfoudh, akaja kwangu kunywa kahawa.

"Bibi, huyu Kheiria kasoma kwa nani?"

Kweli yake, kasoma kwa mwanamke wa Kigoa, Shangani kule Unguja. Nikaona jibu hilo halina chumvi.

"Kwa Shopan," nikasema. "Bwana mwembamba, koti refu, mzuri huyo. Na mpaka leo hajamwacha. Kila alasiri humshika kifundo cha mkono, akamwambia legeza."

Bakhita akaweka kikombe chini. "Kila alasiri?"

"Isipokuwa Ijumaa," nikasema, nikidhani namtilia heshima.

Kesho yake jibu likaja: ahsante, hawamhitaji. Nikamweleza Kheiria niliyoyasema. Hakunigombeza.

"Shopan kafa miaka mia na ushei," akasema. "Ungewaambia tu kafa."

Nikavaa viatu nikaenda mbio kwa Bakhita, nikamwambia kweli tupu, labda mara ya kwanza maishani mwangu.

"Jana alikuwa anamshika mkono," Bakhita akasema, "leo kafa miaka mia. Nenda kapumzike, bibi."

Binti akaletewa mke wa karani mmoja, mwenye rula ya kupigia vidole. Ukipita chochoroni unasikia kama mtu anavunja kokwa za kungu. Kheiria akisimama chini ya dirisha. "Kifundo kimekaza," husema, kisha tunaendelea na safari ya sokoni. Baada ya miaka miwili binti akachoka, piano ikafungwa.

Mwaka wa sabini mtoto wa kiume wa Bakhita alirudi kutoka masomoni Misri, akaisikia hadithi ya Shopan, akacheka mpaka akakaa chini, akasema bwana huyo kafa kweli, tena zamani. Ndipo mama yake akatuita, kaona haya, akafungua kifuniko mwenyewe.

Kheiria akakaa. Akaweka mkono wa kulia. Miaka ya sindano na baridi yabisi vilikuwa vimevikunja vile vidole virefu. Havikufika kwenye meusi. Akajaribu mara ya pili. Akaushika ule mkono kwa mwenzake, akauteremsha mapajani.

"Muiteni mwingine," akamwambia Bakhita, kwa upole.

Njiani nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe zamani," akasema. "Lakini usinisemee tena kwa watu."

Akatangulia hatua mbili mbele yangu mpaka mlangoni kwake.