Santuri Zilizoanikwa na Mahindi

Juzi nilikuwa kwa fundi wa redio hapa Free Area, mtoto mgongoni, mzee mmoja jirani yetu akaweka santuri za blues kwenye kaunta, zote za ule mwaka aliooa. Mkewe tumemzika majuzi, na mzee alitaka kuzisikia tena. Fundi akainua moja, imejikunja kama chapati.

"Mzee, umezifanyia nini?"

"Zilikuwa na ukungu, boss. Nikaziosha vizuri, nikazianika juani pamoja na mahindi."

"Pole, mzee. Hizi haziimbi tena."

Mzee akazipangusa moja moja, akazirudisha kwenye katoni. Jamani, nikaogopa, maana aliziua kwa kuzitunza, na mtoto wangu nimemfunika blanketi tatu, jasho linamtoka. Nikamtolea blanketi moja. Kufika mlangoni nikahisi upepo, nikamrudishia.