Barua za Lulimba Nilizomsomea Shangazi

Harufu ya ndakala, wale dagaa wa ziwa letu la Tanganyika, inakukera siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu huisikii tena, umekwisha kuivaa. Kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi niliivaa asubuhi hadi jioni, kwa sababu shangazi yangu, Mama Asende, alianika samaki kwenye mchanga wa mji wetu wa Baraka, nami nilikaa karibu yake nikiwafukuza kunguru. Mume wake, Baba Asende, alikuwa Lulimba, kwenye machimbo ya dhahabu. Barua zake zilishuka na malori yaliyopitia Fizi, zimekunjwa mara nne, zimeshika vumbi jekundu mikunjoni. Shangazi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la tano, kwa hiyo nikawa macho yake.

Barua ya kwanza ilinitia aibu. Shangazi alinawa mikono, akavaa kitenge safi, akaketi kwenye mkeka kama mtu aliyekuja kanisani, akasema, “Soma, mwanangu. Polepole.” Nami nikasoma: “Mimi ni mzima. Kazi inaendelea. Salimia watoto.” Basi. Nilipoinua macho nikaona uso wake bado unangoja, kama mtu aliyenyoosha sahani akapewa kijiko kimoja cha bukari, ugali wetu. Sijui nini kilinipata. Nikairudia karatasi, nikaendelea kusoma pasipo na maneno: kwamba huko Lulimba hakuna anayejua kupika sombe, majani ya muhogo, kama yeye, na kwamba jioni jua likizama nyuma ya milima anamkumbuka akiimba huku anatwanga. Haya sikuyatoa hewani. Baba Asende alikuwa akisimama mlangoni kumsikiliza akiimba. Nilimwona mara nyingi. Nilichobuni ni kwamba aliyaandika.

Shangazi alicheka akiziba mdomo kwa kitenge. Siku ileile akanipa majibu niyaandike, marefu, yenye utani ambao sikuelewa wote. Baada ya majuma mawili ikaja barua nyingine. Mume wake aliuliza ni sombe gani hiyo anayoisema, lakini chini kabisa, kwa mwandiko uliobanana, aliongeza kwamba ni kweli, ameikumbuka. Swali la sombe nikalificha. Iliyobaki nikaisoma ilivyo. Barua ya tatu ilikuwa ndefu bila msaada wangu. Kipendacho moyo ni dawa, na mimi nilijiona mganga.

Ndipo ikaja barua yenye mwandiko wa mtu mwingine. Mwenzake wa machimboni aliandika kwamba udongo ulimporomokea Baba Asende, mguu umevunjika, wamemfunga vijiti, na anaomba mke wake aje upesi. Shangazi alikuwa amekwisha kunawa mikono. Alikuwa akitabasamu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema: “Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi, vumbi ni jingi, nakukumbuka.” Akanikatia kipande cha muwa. Niliutafuna bila kuusikia utamu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku tisa. Mchuuzi mmoja aliyetoka Lulimba alipita ufukweni, akasimama mbele ya wanawake wote waliokuwa wakigeuza samaki, akamwambia shangazi, “Mama Asende, we uko hapa bado? Mugonjwa iko anakungojea.” Shangazi aliwaacha samaki juani. Alikwenda nyumbani, akaitoa ile barua kwenye kopo alimozihifadhi, akaniwekea mikononi.

“Soma tena,” alisema. “Soma ile iko imeandikwa.”

Niliisoma nikilia, na alinisubiri kila nilipokwama. Nilitegemea fimbo. Badala yake alisema, “Chumvi tia tu, mwanangu, sikatai. Lakini samaki yenye kuoza, usinifiche.” Kesho yake alipanda lori la mahindi, akatuacha mimi na wanawe kwa mama yangu. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa majuma matatu nililala nikiogopa methali hiyo kama mtu anavyoogopa nyoka aliyemwona akiingia chini ya kitanda. Walirudi pamoja. Baba Asende alikuwa hai, lakini mguu ulikuwa umekwisha kuunga vibaya. Kwao shangazi, kule Nundu, kulikuwa na bingwa wa kuunga mifupa. Angewahi kumpeleka huko, labda ungenyooka. Mpaka leo mzee huyo anachechemea, na mpaka leo shangazi hajamwambia kwa nini alichelewa.

Sasa ninaandika riwaya. Watoto wa Baraka hawasomei tena shangazi zao barua. Sauti ya aliyeko Lulimba inafika kwenye simu na kikohozi chake chote, na mtu hawezi kuchomeka neno katikati. Nafurahi kwamba mzigo ule hawanao. Mimi niliubeba nikaufanya kazi: nachukua mtu ninayemjua, nampa asichowahi kusema, kisha kabla kitabu hakijachapishwa narudi nyumbani na kumsomea mwenyewe.

Mwaka jana nilimsomea shangazi sura niliyomjengea. Mwanamke wa riwaya anamuuguza mume kilema, anachoka, asubuhi moja anafunga mizigo na kushika njia ya kwao, anafika mtoni, anakaa juu ya jiwe, anarudi kupika chakula cha mchana. Shangazi alisikiliza huku akichambua mchele. Yale ya kweli, samaki, malori, mguu, aliyapitisha bila neno. Nilipofika mtoni, mikono yake ilisimama. Aliangalia mlangoni, nje, ambako Baba Asende alikuwa akishona nyavu, kisha akanisogelea.

“Ile ya mtoni,” alinong’ona, “nani alikuambiaka?”

Nilimjibu kwamba hakuna mtu aliyeniambia, nimeibuni mwenyewe. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa upole, na nikaona wazi kwamba hakuniamini.